Mtoto wa Mkimbizi Katika Shule za Mjini

Katika fikira za watu wengi, mkimbizi ni mtu wa kambini, aishiye chini ya turubai katika nyika ya mbali, akingoja mgao wa unga na siku ya kurejea kwao. Picha hiyo haikuzuliwa, kwani kambi za Dadaab nchini Kenya na Nyarugusu nchini Tanzania zipo. Lakini zaidi ya nusu ya wakimbizi wa ulimwengu wa leo wanaishi mijini, katika vyumba vya kupanga vya Eastleigh jijini Nairobi na Kisenyi jijini Kampala, katika vichochoro vya Istanbul na Beirut, katika majumba ya ghorofa ya Berlin na New York, na watoto wao hupita kila asubuhi mbele ya shule zile zile wanazosoma watoto wa wenyeji. Shule ya kambini ilijengwa kwa ajili ya mkimbizi na haina shughuli nyingine. Shule ya mjini ilikuwapo kabla yake; ina daftari lake, idadi ya madawati yake, na wazazi wake waliokwisha kulalamika kwamba darasa limejaa. Basi anaposimama mlangoni pake mama mgeni na mwanawe katikati ya muhula, mtoto hana cheti, hana sare, wala hajui lugha ya darasa, ndipo linapozuka suala ambalo makala haya yanataka kulichambua: je, taratibu za elimu za mji hujigeuza vipi ili kumpokea mtoto huyo, na zinaposhindwa, hushindwa mahali gani?

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba utaratibu wa shule za mji, popote ulipo, umesimama juu ya mambo machache ambayo mwenyeji hayaoni kwa sababu ameyazoea: ya kwamba mtoto ana makazi yasiyohamahama, kuzaliwa kwake kumeandikwa na serikali, huanza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka sita au saba, hupanda darasa kila mwaka pamoja na wenziwe, na lugha ya mwalimu ameisikia walau mtaani kabla ya kuisoma ubaoni. Mkimbizi huyavunja yote hayo kwa mara moja. Miji iliyofikiwa na watoto wa namna hii imetafuta majibu mengi, na rai yangu, ambayo nitaitolea dalili, ni kwamba majibu hayo hayatafautiani kwa ukarimu wala kwa wingi wa fedha kadiri yanavyotafautiana kwa jambo moja tu, nalo ni muda: kama mji umemhesabu mtoto kuwa mpita njia, ama umekubali tangu siku ya kwanza kwamba atakaa.

Sheria ya mataifa imelisema jambo hili kwa ufupi. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 inazitaka dola zilizoukubali ziwape wakimbizi, katika elimu ya msingi, yale yale wanayopewa raia. Na kwa elimu iliyo juu ya hapo inazitaka ziwatendee kwa kadiri ya wema uwezekanao, ikiwa ni pamoja na kuzitambua shahada zao za kigeni na kuwasamehe ada. Walioiandika ibara hiyo walikuwa wakiwafikiria Wazungu waliotawanywa na vita kuu ya pili, na hawakueleza elimu hiyo itolewe kwa lugha gani, kwa mtaala wa nchi ipi, wala katika jengo la nani. Mara nyingi jibu lililofuatwa likawa ni kumsomesha mkimbizi mtaala wa kwao, kwa kutaraji kwamba atarejea karibuni. Na ilikuwa ni katika mkakati wake wa mwaka 2012 ndipo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilipoelekeza bayana kwamba watoto hawa waingizwe katika shule za taifa la wenyeji. Geuko hilo lilitokana na hesabu ya miaka. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, na mtoto aliyeingia humo mgongoni mwa mama yake leo ni mzazi mwenye watoto wa shule.

Nairobi ni mfano wa mji ambao sheria yake ya elimu imekuwa pana kuliko sera yake ya wakimbizi. Serikali ya Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nje waliingia madarasani, na mlango huo ukawa wazi pia kwa watoto wa Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Wasudani waliokuwa wakiishi mjini, kwa kuwa amri ile haikuuliza uraia. Katiba ya mwaka 2010 ikalikaza jambo hilo, kwani ibara yake ya 53 yasema kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Nayo imesema kila mtoto, haikusema kila raia. Lakini upande wa pili wa serikali ile ile uliwataka wakimbizi wakae katika kambi za Dadaab na Kakuma, wala usiwatambue mjini ila kwa idhini maalumu. Mnamo Desemba 2012 ikatolewa amri kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini. Mahakama Kuu ikaibatilisha Julai 2013, Jaji David Majanja akihukumu katika shauri lililofunguliwa na shirika la Kituo cha Sheria. Kisha Machi 2014 ikatoka amri nyingine, na mwezi uliofuata ikaja ile operesheni ya Usalama Watch, ambamo maelfu ya watu wa Eastleigh na kwingineko walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mzazi anayeogopa kukutana na askari njiani hawezi kumsindikiza mtoto shuleni, na mtoto ambaye mama yake amelala kizuizini hana wa kumwamsha asubuhi. Kwa hiyo haki iliyoandikwa katika ibara ya 53 ilikuwa ikinyang'anywa barabarani kabla mtoto hajaufikia mlango wa shule, na hakuna mwalimu mkuu, awe mwema kiasi gani, awezaye kulitengeneza jambo hilo kutoka ofisini mwake.

Fauka ya hofu hiyo pakaja kizingiti cha karatasi. Kenya ilipoanza, mnamo mwaka 2017, kuwaandikisha wanafunzi kwa mfumo wa kompyuta uitwao NEMIS, cheti cha kuzaliwa kilifanywa kuwa ufunguo wa kuingia humo, na fedha ambazo serikali huipa shule kwa kila kichwa zikafungamanishwa na uandikishaji huo. Nia yake ilikuwa njema, yaani kuwafuta wanafunzi hewa waliokuwa wakiitafuna hazina. Lakini taathira yake kwa mtoto aliyezaliwa Mogadishu, ambako kwa miaka mingi hapakuwa na ofisi ya kuandika vizazi, ni kwamba mwalimu mkuu aliyempokea alimpokea bila ya fungu lake, na aliyemkataa aliweza kusema kwa haki kwamba mashine imemkataa. Hapa pana jambo ambalo wakuu wa elimu wa miji yetu wangelitafakari kwa makini. Nchini Marekani sheria iitwayo McKinney-Vento, iliyopitishwa mwaka 1987 kwa ajili ya watu wasio na makazi, inaamuru kwamba mtoto asiye na makazi aandikishwe papo hapo, ijapokuwa hana cheti cha kuzaliwa wala kumbukumbu za shule, na kazi ya kuzitafuta karatasi imewekwa mabegani mwa shule yenyewe baada ya mtoto kukaa darasani. Sheria hiyo haikutungwa kwa kuwafikiria wakimbizi, lakini imewafaa kuliko sheria nyingi zilizotungwa kwa jina lao, kwa sababu imeupanga utaratibu vizuri: kwanza dawati, kisha cheti.

Tukivuka mpaka kuelekea Kampala, tunaukuta mji ambao haumwindi mkimbizi njiani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu kutembea na kufanya kazi, na inampa mtoto wake elimu ya msingi sawasawa na mwenyeji. Shule za msingi za serikali zilifutiwa karo tangu mwaka 1997, na za sekondari zikaanza kufuatia mwaka 2007. Mnamo Septemba 2018, baada ya mawaziri wa nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kutoa Azimio la Djibouti la Desemba 2017 juu ya elimu ya wakimbizi, Uganda ikazindua mpango wa taifa wa kuwasomesha watoto wa wakimbizi pamoja na wa wenyeji wao. Ni sifa inayostahiki kutajwa. Ila mpango huo, kama misaada mingi, ulielekezwa kwenye makazi ya wakimbizi ya mashamba, Nakivale na Bidi Bidi na mengineyo, ilhali mkimbizi aliyechagua Kampala huhesabiwa kuwa amechagua kujitegemea. Naye mzazi wa Kisenyi au Katwe hugundua upesi kwamba shule isiyo na karo ina michango: chakula cha mchana, sare, karatasi za mtihani, fedha za majengo. Mchango ambao kwa mwenyeji mwenye duka ni taklifa ndogo, kwa mjane aliyefika na mabegi mawili, anayeuza vitenge au kusuka nywele ili apate kodi ya chumba, huwa ndio mpaka baina ya mtoto aendaye shule na yule abakiye nyumbani kulea wadogo zake.

Lakini lililo kubwa zaidi Kampala ni lugha, na hapa naomba idhini ya kukaa kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe linatuhusu sisi tusemao Kiswahili. Mtoto wa Goma au Bukavu, mashariki ya Kongo, huja na Kiswahili chake cha Kivu, na Kifaransa cha shuleni ikiwa alisoma. Anakuta darasani Kiingereza, na uwanjani Kiluganda. Mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 unataka madarasa matatu ya mwanzo yasomeshwe kwa lugha ya mahali, lakini katika mji wenye mchanganyiko wa makabila shule nyingi huanza na Kiingereza tangu darasa la kwanza, na hivyo mtoto mgeni hana hata ile miaka mitatu ya kuzoea. Mwalimu, mwenye wanafunzi tele mbele yake na pasi na msaidizi, hufanya lililo rahisi: humshusha darasa. Kijana wa miaka kumi na mitatu, ambaye kwao alikuwa ameanza kukokotoa sehemu na asilimia, huketishwa na watoto wa miaka saba wanaojifunza kuhesabu hadi mia moja, si kwa sababu hajui hisabati bali kwa sababu hajui kusema kwa Kiingereza kwamba anaijua. Huko hujifunza Kiingereza, ni kweli. Lakini hujifunza pia kwamba yeye ni mjinga, na hilo hulijifunza vyema zaidi. Magoti yake hayatoshi chini ya dawati, wenziwe humcheka, na akiwa ni msichana, huanza kupata haya za umri wake katikati ya watoto wadogo. Aghalabu hukaa mwaka mmoja au miwili kisha hutoweka, na daftari la shule huandika kwamba ameacha masomo, kana kwamba uamuzi ulikuwa wake.

Hasara hii inaepukika, na kuepukika kwake hakuhitaji fedha nyingi. Mtihani wa hisabati wa kumpangia mtoto darasa waweza kuandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa katika karatasi mbili, ukapigwa chapa na kugawiwa shule zote za mji. Tena pana jambo la kushangaza katika habari hii. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, uamuzi ambao tangu hapo umesumbuliwa na upungufu wa walimu. Ilhali katika mitaa ya mji mkuu huo huo wamo walimu wa Kikongo, wenye vyeti vya ualimu vilivyoandikwa kwa Kifaransa, wanaouza mitumba kwa kuwa hakuna aliyevipima vyeti hivyo. Mtoto wa Kivu anahesabiwa kuwa hana lugha, na lugha aliyo nayo ndiyo ile ambayo wizara inatafuta watu wa kuifundisha. Lau Kampala ingewaita walimu hawa, ikawapima, ikawapa mafunzo mafupi ya mtaala wa Uganda na kuwaweka kuwa wasaidizi katika madarasa yenye Wakongo wengi, ingekuwa imezitibu dhiki mbili kwa dawa moja.

Nimesema kwamba kosa kubwa ni la muda, na dalili yake iliyo wazi kabisa inapatikana Uturuki. Vita vya Siria vilipoanza mwaka 2011, Waturuki waliwaita waliokimbia wageni, kwa wema wa kweli, na mgeni hutarajiwa kuondoka. Kwa ajili ya watoto wao vikafunguliwa vituo vya elimu vya muda, vikapewa kanuni rasmi mwaka 2014, ambamo walimu wa Kisiria walisomesha kwa Kiarabu mtaala wa kwao uliopunguzwa yale yaliyomsifu mtawala wao. Mtoto alifurahi, alielewa, hakuchekwa na mtu. Mzazi naye aliona kwamba mwanawe hakuikosa Damaski wala Kurani. Walakini wakimbizi walizidi milioni tatu, Istanbul peke yake ikawa na wapatao nusu milioni, miaka ikapita, na ikadhihirika kwamba vituo vile vilikuwa vikitoa vijana wasiojua Kituruki katika nchi ambayo chuo, kazi na mahakama vyote vyaendeshwa kwa Kituruki. Mwaka 2016 serikali ikaamua kuvifunga kidogo kidogo, na kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya ikawahamishia watoto katika shule za serikali pamoja na masomo ya ziada ya Kituruki. Hata ikafika mwaka 2019 zaidi ya laki sita walikuwa wameandikishwa. Ni kazi kubwa iliyofanywa upesi, na mwenye insafu hawezi kuidharau. Lakini wale waliofikia umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita katika vituo vya muda walivushwa wakati wa kuvushwa umeshawapita, na maelfu ya walimu wa Kisiria, ambao wangaliweza kuwa daraja baina ya lugha mbili, baadaye wengi wao wakaachishwa.

Kairo imelipata somo hilo kwa namna iliyo kali zaidi. Huko Wasudani, waliokuwa wengi tangu zamani na wakazidi sana baada ya vita kuzuka Khartoum Aprili 2023, walijifungulia shule zao wenyewe katika maghorofa ya kupanga, zikafuata mtaala wa Sudan na kuwatayarisha watoto kwa shahada ya Sudan. Mtu hawezi kuwalaumu, kwani shule za serikali ya Misri zimejaa, zinataka hati za ukaazi ambazo hupatikana kwa tabu, na watoto weusi hutukanwa humo. Lakini mwaka 2024 wakuu wa Misri wakazifunga nyingi za shule hizo kwa kukosa leseni, na watoto waliokuwa wakisoma wiki moja wakajikuta hawana shule wiki iliyofuata. Shule inayosimama nje ya utaratibu wa mji husimama kwa ridhaa tu, na ridhaa huweza kuondolewa kwa barua moja.

Beirut ilijaribu njia ya kati, ambayo wasomaji wa Dar es Salaam wataitambua, kwa kuwa shule zetu nyingi zimewahi kusomesha kwa zamu. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2013 na 2014, shule za serikali za Lebanoni zilifunguliwa alasiri kwa ajili ya Wasiria: jengo lile lile, mtaala ule ule wa Lebanoni, fedha za wafadhili, na walimu wa mkataba waliolipwa kwa saa. Hivyo nchi ndogo, ambayo ndiyo iliyokuwa na wakimbizi wengi zaidi duniani kwa kulinganisha na wenyeji wake, ikaweza kuwasomesha zaidi ya watoto laki mbili wasio Walebanoni. Kasoro zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba Lebanoni husomesha hisabati na sayansi kwa Kifaransa au Kiingereza, ilhali mtoto wa Halabi, huko Siria, alizisoma kwa Kiarabu, na hivyo hata pale ambapo lugha ya nyumbani ni moja, lugha ya shule ilikuwa ukuta. Ya pili ni kwamba zamu ya alasiri ilikuwa ni ya Wasiria peke yao, wakiingia wakati Walebanoni wanatoka, kwa hiyo watoto wa mataifa mawili walikutana langoni tu. Na uchumi ulipoporomoka na walimu wakagoma mwanzoni mwa mwaka 2023, zamu ya alasiri ikasimamishwa. Kitu kilichowekwa kando ya utaratibu huwa ndicho cha kwanza kuachwa siku ya dhiki.

Nchi tajiri nazo hazikuepukana na kosa hilo, ijapokuwa kwao lilivaa nguo nzuri. Berlin ilipopokea sehemu yake ya watu wapatao laki tisa waliofika Ujerumani kutafuta hifadhi mwaka 2015, watoto wao walikuwa na haki ya shule tangu mwanzo, tafauti na majimbo mengine ambako sheria iliwataka wangoje miezi mitatu au sita. Na shule zikafungua madarasa ya makaribisho, ambamo mtoto husoma Kijerumani kwanza mpaka aweze kuingia darasa la kawaida. Fikira yenyewe ni njema. Taabu ni kwamba madarasa hayo hayakuwa na mtaala ulioshurutishwa wala muda uliowekewa kikomo kwa hakika, na kutoka humo kukategemea nafasi iliyopo katika darasa la kawaida na rai ya mwalimu mmoja. Mtoto aweza kujifunza lugha kwa miezi kumi na miwili huku hisabati, jiografia na elimu ya viumbe vikimpita. Akiingia darasani huwa anaijua lugha ya masomo ambayo hana. Mimi naona kwamba darasa la lugha lapasa kuwa la saa kadhaa za siku, na saa zilizobaki mtoto akae na wenziwe, walau katika hisabati, michezo na muziki, tangu wiki ya kwanza.

Huko Marekani, ambako Wakongo walikuwa kwa miaka kadhaa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopewa makazi, jambo hili limefikishwa hata mahakamani. Msingi wake ni hukumu mbili za Mahakama ya Juu: ya mwaka 1974, juu ya watoto wa Kichina wa San Francisco, iliyosema kwamba kumpa mtoto kitabu na mwalimu vile vile kama wengine si usawa ikiwa haelewi lugha inayosemwa, na ya mwaka 1982, katika shauri lililotoka Texas, iliyokataza kumnyima mtoto shule kwa kuwa hana hati za ukaazi. Juu ya msingi huo, mji kama Louisville, ambako Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha kuu za nyumbani za wanafunzi wageni, umeweka shule maalumu ya wageni wapya, wanaopita humo kwa kipindi kisha wakapelekwa shule za kawaida. Katika mji wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania, mambo yalikwenda kombo: vijana wa miaka kumi na saba na zaidi, waliotoka Somalia, Sudan, Kongo na Burma, badala ya kupelekwa shule kuu ya sekondari yenye mpango mzuri wa Kiingereza, walisukumwa katika shule mbadala iliyoendeshwa na kampuni, ambamo masomo yalikimbizwa ili wahitimu upesi, waelewe wasielewe. Mwaka 2016 mahakama ikaamuru waruhusiwe kuingia shule kuu, na Januari 2017 mahakama ya rufani ikalithibitisha agizo hilo. Naliona shauri la Lancaster kuwa lenye faida kubwa, kwa sababu linahusu wale ambao kila mji hutamani kuwasahau: kijana aliyekuja amechelewa, mwenye miaka mitatu au minne tu ya kukaa shuleni, ambaye ni rahisi kumpa cheti kitupu na kumwaga.

Makazi nayo yana hukumu yake. New York, iliyofikiwa na zaidi ya watu laki mbili wanaotafuta hifadhi tangu mwaka 2022, iliwaandikisha watoto wao kwa makumi ya maelfu na bila ya fitina nyingi, mpaka serikali ya mji ilipoweka kanuni kwamba familia itoke katika makao ya muda baada ya siku 60 na kuomba upya. Mtoto aliyekwisha kumzoea mwalimu wake alihamishwa mtaa mwingine, na ingawa sheria ile ya 1987 inamhifadhia nafasi katika shule yake ya kwanza, haki hiyo kwa mtoto wa miaka saba ni safari ya treni ya saa nzima na zaidi alfajiri. Wizara ya nyumba inapobomoa, wizara ya elimu haiwezi kujenga.

Wala si haki kuwasahau wenyeji. Mnamo Januari 2024, huko huko New York, kwa sababu ya dhoruba, familia za wageni zilizokuwa katika mahema ya Floyd Bennett Field zililazwa katika shule moja ya sekondari ya Brooklyn, na wanafunzi wa hapo wakaambiwa kesho yake wasomee nyumbani kwa kompyuta. Hasira za wazazi zilisikika nchi nzima. Mzazi wa Kampala anayelipa mchango wa dawati huku mwanawe akibanana na wenziwe watano ana hoja pia, na kumwita mbaguzi ni kumwonea. Wanaowapokea wageni kwa moyo ni wale walioona kwamba ugeni ule umewaletea kitu: darasa jipya, mwalimu wa ziada, choo, kisima. Uganda imeiweka kanuni hiyo katika sera yake, kwamba sehemu ya misaada ya wakimbizi iwafikie wenyeji. Kinachobaki ni kuileta mjini.

Ninapoyatazama haya yote pamoja, naikumbuka habari ya Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hawakuwa wa mjini, lakini watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, wakafanya mitihani ya Tanzania. Na serikali ilipofikia kuwapa uraia, jambo lililokamilishwa mwaka 2014 kwa watu wapatao laki moja na sitini na mbili elfu, walikuwa wamekwisha kuwa Watanzania kwa taalimu na kwa ulimi. Waliokuja baadaye, wakawekwa katika kambi za Kigoma na kusomeshwa mitaala ya Burundi na Kongo, wametengwa na shule za nchi hii, na baadhi yao hawajarejea kwao.

Watoto waliotoka Goma baada ya mji huo kutekwa Januari 2025 wamo miongoni mwetu sasa, na baadhi yao wamefika Kampala na Nairobi. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Wizara za elimu za nchi wanachama zaweza, bila ya kungoja mfadhili, kukubaliana juu ya mambo matatu: kwamba hati ya ukimbizi itoshe kumwandikisha mtoto shuleni na kwenye mtihani wa taifa, kwamba mtoto apangiwe darasa kwa kupimwa kwa lugha aijuayo, na kwamba vyeti vya walimu wa Kikongo, Kirundi na Kisomali vipimwe ndani ya muda uliowekwa na majibu yatolewe kwa maandishi. Mtoto aliyefika akiwa na miaka kumi ana miaka michache tu kabla ya umri wa mtihani wa msingi kumpita, na makubaliano hayo yapasa kufanywa kabla ya muhula ujao kufunguliwa.